Taka na mafuta katika nchi ya Ruponda

Gogo, ganda la karanga, bua la mtama na pumba za mpunga vyote vina kaboni na hidrojeni, elementi zilezile zinazofanya dizeli iwake. Tofauti ni kwamba ndani ya mmea elementi hizo zimefungamana na oksijeni na maji, zikawa kitu kigumu kisichomiminika. Kutengeneza mafuta kutokana na taka ngumu ni kazi ya kuvunja mfungamano huo na kuunda upya kinachobaki. Taka ikipashwa moto mkali huku ikinyimwa hewa, huachia mvuke na gesi na kubakiza mkaa. Mvuke huo ukipozwa huwa lami na mafuta mazito. Gesi ikisafishwa huweza kuendesha injini moja kwa moja, au hupitishwa juu ya chuma au kobalti ikageuka kuwa petroli na dizeli, kama Franz Fischer na Hans Tropsch walivyoonyesha Ujerumani katika miaka ya 1920. Taka yenye sukari haihitaji moto wa namna hiyo: huachwa ichachuke, kisha hukenekwa ikatoa spiriti.

Historia ya ufundi huu husimuliwa zaidi kupitia viwanda vikubwa. Ujerumani ilipigana Vita vya Pili vya Dunia kwa petroli iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe, na Afrika Kusini ilianza kuitengeneza Sasolburg mwaka 1955. Ruponda haijawahi kuwa na kiwanda cha aina hiyo. Hata hivyo nchi hiyo, iliyo bara ya Lindi, imepitiwa na karibu kila hatua ya historia hii kwa namna yake, na kwa zaidi ya miaka mia moja imekuwa ikiletewa mafuta kutoka mbali huku vitu vyenye mafuta vikiteketezwa, vikioza au kusafirishwa nje mbele ya macho ya wenyeji.

Ruponda lilikuwa jina la wilaya nzima wakati wa Waingereza, kabla Nachingwea haijakua na kuchukua nafasi yake. Wilaya ya Ruangwa ilimegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995, na leo Ruponda ni jina la kata ndani ya Nachingwea. Ni nchi ya Wamwera zaidi, pamoja na Wamakua, Wayao na Wamakonde: miti ya miombo, mpingo na mninga, mashamba ya mtama, mihogo, karanga, ufuta, mbaazi, na kila upande mikorosho.

Ufundi wa kwanza wa kugeuza kuni kuwa nishati bora ni wa mchoma mkaa, na ndio ambao haujawahi kukatika. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani kisha udongo, huachiwa tundu la kuwashia na matundu madogo ya kupumulia, na kwa siku kadhaa kazi ya mwenye tanuru huwa ni kuchunga moshi. Moshi mweupe mzito ni maji yanayotoka ndani ya kuni. Ukigeuka rangi ya udongo na kuwasha macho, hapo lami na siki ya miti vinapaa. Ukiwa mwembamba wa buluu, kuni zimeiva, na matundu huzibwa haraka kabla moto haujaanza kuula mkaa wenyewe. Kwa kila kilo 100 za kuni, tanuru la udongo hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa. Sehemu kubwa ya nishati ya ule mti, yaani mvuke wote ambao kiwandani ungepozwa ukawa mafuta, huishia angani. Mchoma mkaa anaujua mvuke huo vizuri kuliko mtu yeyote, kwa rangi yake na kwa harufu yake. Anachokosa ni chombo cha kuunasa na mtu wa kuununua.

Mafuta ya kutengenezwa yalijulikana Afrika Mashariki ya Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Koloni lilipofungiwa bahari na meli za Waingereza, mafundi walianza kutengeneza walichokosa. Kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kilitoa dawa ya malaria, na mbata za nazi zilitumika kutengenezea mafuta ya magari yaliyoitwa trebol. Hayo yalikuwa mafuta ya bandia ya kiasi cha kutajwa, na yalizaliwa na shida tu. Vita vilipokwisha na meli za petroli kurudi, yaliachwa. Kusini, vita vyenyewe havikuendeshwa kwa petroli. Ruponda ilikuwa ghala la chakula la jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, hadi Waingereza walipoiteka Oktoba 1917, siku chache kabla ya mapigano makali ya Mahiwa. Mizigo ilibebwa na wapagazi, na mpagazi alihitaji unga. Kwa hiyo aliyeteka ghala la Ruponda aliteka nguvu ya kuliendesha jeshi, na wakulima wa eneo hilo, ambao nafaka yao ndiyo iliyojaza maghala, walibaki na njaa.

Injini na mafuta yake viliingia Ruponda kwa wingi baada ya Vita vya Pili, kupitia mpango wa karanga. Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine, na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ukaja kuangalia ardhi. Mpango uliotokana na ripoti yake ulitaka ekari 3,210,000 zifyekwe, zigawanywe katika mashamba 107 yenye ekari 30,000 kila moja. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947, lakini tumaini kubwa lilikuwa kusini, ambako zaidi ya nusu ya mashamba yote yalipangwa kuwa. Mwaka 1948 mpango ukawa mikononi mwa shirika la umma la Overseas Food Corporation.

Nachingwea ikageuka kutoka kijiji kuwa mji wa kambi, karakana na uwanja wa ndege. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, hadi Nachingwea, na baadaye ikaunganishwa na bandari mpya ya Mtwara. Bomba la mafuta nalo lilitandazwa kutoka pwani hadi bara, kwa sababu matrekta na mabuldoza yalikunywa dizeli nyingi kuliko ile ambayo mabehewa yalitarajiwa kuweza kuleta. Baadhi ya matrekta hayo yalikuwa vifaru vya Sherman vilivyobadilishwa umbo na kampuni ya Vickers. Mnyororo mzito wa nanga ya meli ulifungwa kati ya matrekta mawili, yakaenda sambamba, na miti iliyokuwa katikati ikang'olewa kwa safu. Kisha mabuldoza yalisukuma magogo na visiki yakawa matuta marefu, yakakaushwa na jua, yakachomwa moto.

Hapo ndipo pa kusimama. Dizeli iliyosafirishwa baharini hadi Lindi, ikasukumwa kwa bomba hadi Nachingwea, ilitumika kuangusha msitu ili msitu huo uteketezwe. Na waliofanya hivyo hawakuwa watu wasiojua kwamba kuni ni mafuta. Miaka michache tu nyuma, Ulaya iliyokosa petroli iliendesha mamia ya maelfu ya magari kwa gesi ya kuni na mkaa: tangi la chuma nyuma ya lori, moto mdogo unaonyimwa hewa, na gesi inayochujwa kabla ya kuingia kwenye injini. Gesi hiyo hupunguza nguvu ya injini, huacha lami kwenye vali, na huhitaji mtu wa kukata, kukausha na kupakia vipande vya kuni vya kipimo kimoja. Mradi uliopimwa kwa idadi ya ekari zilizofyekwa haukuwa na nafasi ya kazi ya namna hiyo. Kuni zilihesabiwa kuwa kizuizi, na kizuizi huondolewa.

Karanga zenyewe zina historia katika injini. Katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Rudolf Diesel mwenyewe alikuja kusema kwamba mafuta ya mimea yangeweza siku moja kuwa na umuhimu kama ule wa petroli. Ganda la karanga pia si kitu cha kutupa: nchini Senegal viwanda vya kukamua karanga vimekuwa vikichoma maganda katika boila zao ili kupata mvuke na umeme. Nachingwea haikufika hatua hiyo. Mvua hazikutabirika, mavuno yalikuwa haba, na mashine zilikufa kabla ya vipuri kufika. Serikali ya Uingereza iliuvunja mpango Januari 1951, ikafuta deni la zaidi ya pauni milioni 36. Mabaki yake yalikabidhiwa Tanganyika Agricultural Corporation katika miaka iliyofuata, na reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mizigo. Pasipo mavuno hapakuwa na maganda, na pasipo maganda boila haikuwa na cha kuchoma.

Zao lililokuja kuibeba Ruponda halikuwa katika mpango wa mtu yeyote wa London. Mkorosho uliletwa pwani na Wareno kutoka Brazili karne nyingi zilizopita. Baada ya Vita vya Pili wakulima wadogo wa kusini waliupanda kwa maelfu, kwa jembe la mkono, katika ardhi ileile iliyowashinda wenye matrekta. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho ghafi.

Korosho ni tunda la ajabu kwa mtu anayetafuta mafuta katika taka. Takribani asilimia 70 ya uzito wake ni ganda, na ndani ya ganda mna vijumba vidogo kama vya sega la nyuki, vimejaa utomvu wa kahawia unaounguza ngozi. Utomvu huo ni kati ya moja ya tano na robo ya uzito wa ganda. Hutumika katika rangi, gundi na breki za magari, na unawaka kwa joto linalokaribia lile la mafuta mazito ya tanuri. Wabanguaji wa vijijini hawahitaji kuelezwa hilo. Korosho humiminwa juu ya bati au debe lililotobolewa, juu ya mafiga matatu, na kukorogwa kwa mti mrefu. Muda si mrefu maganda huanza kutoa jasho, yanafoka, kisha yote hushika moto kwa mpigo, na mwali wenye moshi mweusi hupanda juu kuliko kimo cha mtu. Tangu hapo kuni zilizo chini si za lazima tena, kwa sababu korosho inajichoma kwa mafuta yake. Mbanguaji hulipindua bati, huumwagia moto mchanga au majivu, na majivu hayohayo hukausha utomvu ili vidole visiungue wakati wa kuvunja ganda kwa gongo. Atakayegusa ganda bichi bila majivu hutembea na mikono yenye madoa meusi na ngozi inayobambuka kwa wiki kadhaa.

Bibo nalo, yaani lile tunda la majimaji linaloning'inia juu ya korosho, lina njia yake. Mengi huachwa yaoze chini ya mti, kwa sababu bibo halimalizi siku mbili bila kuharibika. Yanayookotwa hukamuliwa yakawa uraka, na uraka uliochacha ukichemshwa katika chungu, mvuke ukipita kwenye bomba lililozamishwa majini, hutoka nipa. Sheria haijawahi kuipenda nipa, na madhara yake kwa wanywaji ni makubwa. Lakini kwa ufundi, kazi hiyo haina tofauti na ile ya viwanda vya spiriti ya magari: Kenya ilikeneka spiriti ya molasi Muhoroni na kuichanganya na petroli katika miaka ya 1980, na Zimbabwe ilifanya vivyo hivyo Triangle kuanzia mwaka 1980. Tofauti ni kwamba molasi hutoka kwenye bomba la kiwanda cha sukari mchana na usiku, ilhali mabibo yametawanyika chini ya mikorosho ya watu wengi, kwa miezi michache tu ya mwaka.

Nafasi ya kweli ya kugeuza taka kuwa mafuta ilikuja na viwanda vya kubangua. Katika miaka ya 1970, kwa mikopo ya Benki ya Dunia na misaada mingine, Tanzania ilijenga viwanda hadi vikafika 12, vingi vikiwa kusini: Lindi, Mtama, Masasi, Newala, Tunduru, Likombe, na Nachingwea. Mashine zilitoka Italia na Japani. Katika mfumo wa Italia wa Oltremare, korosho huzamishwa katika beseni la mafuta ya ganda yaliyopashwa moto hadi karibu nyuzi 200. Joto hupasua vijumba vya ganda, na mafuta hutoka yakajiunga na yale ya beseni. Kwa hiyo kiwanda chenyewe hukusanya mafuta kadiri kinavyobangua, na maganda yaliyobaki huingia tanurini kuchemsha maji ya mvuke. Kiwanda kilichobangua tani 10,000 kwa mwaka kingekuwa na maganda yapata tani 7,000, na ndani yake tani zaidi ya 1,000 za mafuta. Kwa mji ambao dizeli yake ilitoka Dar es Salaam kwa lori, ikasubiri kivuko cha Ndundu kwenye Mto Rufiji, na wakati wa masika haikufika kabisa, hicho kingekuwa kisima cha mafuta juu ya ardhi.

Viwanda vilikamilika wakati korosho zinatoweka. Kuhamishiwa kwa watu katika vijiji vya ujamaa kuliwatenga wakulima na mikorosho yao. Bei iliyolipwa na mamlaka ya korosho haikumtia mtu moyo wa kupalilia. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, ugonjwa wa ubwiri unga ulikausha maua kabla hayajafunga tunda. Msimu wa 1986/87 nchi nzima ilivuna takribani tani 16,500, chini ya kile ambacho viwanda viwili tu vingeweza kumeza. Hii ilikuwa miaka ileile ambayo Tanzania ilikosa fedha za kigeni za kununulia petroli, hata magari ya binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili mchana. Viwanda vilinyamaza, kile cha Nachingwea kikiwemo, na majengo mengi yaliishia kuwa maghala ya kuhifadhia korosho zinazosubiri meli.

Zao lilifufuka katika miaka ya 1990, kwa dawa ya salfa dhidi ya ubwiri unga na miche bora iliyotokana na utafiti wa Naliendele, Mtwara. Ila ubanguaji haukufufuka nalo. Korosho nyingi zilianza kwenda ghafi India, na baadaye Vietnam, na jambo hili halisemwi vya kutosha: meli inayopakia tani 1,000 za korosho ghafi Mtwara inabeba pia tani 700 za maganda. Wabanguaji wa huko hukamua mafuta ya ganda na kuyauza kama bidhaa ya pekee, na makapi yake huchomwa kama kuni za kiwanda. Mkulima wa Ruponda hulipwa bei ya korosho, na nishati ya ganda huondoka bila kuandikwa popote katika hesabu yake.

Kwamba taka ya zao yaweza kugeuzwa nishati Tanzania kumeonekana kwingine. Huko Moshi, kiwanda cha sukari cha TPC huchoma makapi ya miwa na kuzalisha umeme wake. Njombe, kampuni ya TANWAT ilianza mwaka 1995 kuzalisha umeme kwa mabaki ya miwati. Hale, mkoani Tanga, mtambo uliozinduliwa mwaka 2008 ulitumia mabaki ya mkonge kuzalisha gesi na kisha umeme, mkonge ambao nyuzi zake ni asilimia chache tu ya jani zima na kilichobaki kilikuwa kikitupwa mtoni. Ng'ombeni, kisiwani Mafia, minazi iliyozeeka ilifanywa kuni za mtambo wa umeme. Katika mifano mitatu ya kwanza taka hukusanyika yenyewe, kwa sababu zao limekuja kiwandani kwa kazi nyingine. Kinyume chake ni mradi wa Taka Gas wa Dar es Salaam wa miaka ya 1990, uliolenga kuzalisha gesi kutokana na taka za masoko na viwanda vya jiji. Huo ulitegemea taka iliyotawanyika na kuchanganyika, na haukufika mwisho uliokusudiwa.

Nishati ya kusini sasa inatoka chini ya ardhi na bahari. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kutumika mwaka 2004, na ile ya Mnazi Bay imewasha taa za Mtwara na Lindi tangu miaka ya 2000. Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, na lori la dizeli halisubiri tena kivuko. Hata hivyo, umeme wa gesi haujaondoa mkaa jikoni. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilikatazwa kutumia kuni na mkaa. Shule nyingi za sekondari za bweni zinaingia katika amri hiyo. Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, limeanza kuuza mkaa mbadala wa makaa ya mawe ya Kiwira, na vikundi mbalimbali nchini vinatengeneza mkaa wa pumba, vumbi la mkaa na vifuu vya nazi.

Ganda la korosho halifai kuingia jikoni likiwa bichi, kwa kuwa moshi wake huumiza macho na mapafu. Lazima likamuliwe kwanza au lipashwe moto katika tanuru lililofungwa, mafuta yatolewe, kisha makapi yasagwe na kushindiliwa. Mashine za kukamulia ni za kawaida, hazitofautiani sana na zile za alizeti. Msimu wa 2024/25 Tanzania ilikusanya korosho zaidi ya tani 500,000, mavuno makubwa kuliko yote ya nyuma, ambazo maganda yake yanakaribia tani 350,000. Serikali imetangaza nia ya kukomesha uuzaji wa korosho ghafi, na kongani ya viwanda vya kubangua inajengwa Maranje, mkoani Mtwara.